Wewe ni wa Nani? Kengele ya Freretown na Sisi Watoto wa Kulea

Nilikuwa na miaka 13 nilipoambiwa mimi ni mtoto wa kuokotwa, na chanzo kilikuwa penalti.

Tulikuwa tunacheza mpira hapa kwetu Ziwa la Ng'ombe. Nikasema ile si penalti. Kijana mmoja aliyenizidi umri akanisukuma kifuani akaniambia, "Nyamaza wewe. Kwani wewe ni wa nani? Si uliokotwa tu." Wengine wakacheka. Wengine hawakucheka, na hao ndio walionitia hofu, manake walinyamaza kama watu waliosikia siri imetoka mahali pasipofaa.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza Mama. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, na hakuacha kuchagua. Aliniambia tu, "Nilitaka kukwambia ukimaliza mtihani." Halafu akaniambia yote.

Mamangu mzazi alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba hiyo hiyo yetu. Alikuwa Mkristo, anatoka upande wa Kilifi, na alikuwa peke yake. Aliugua, akafariki nikiwa na miezi mitano. Waliokuja kumzika walikuwa watu wa kanisa lake, si watu wa kwao. Mazishi yakaisha, watu wakaondoka, mtoto nikabaki kwenye mkeka. Mama, Mwislamu, hana mtoto, akasema, "Nitamshika mpaka watu wao waje." Hawajaja. Sasa nina miaka 26.

Sikuwa na nia ya kuandika haya. Lakini Idd iliyopita familia ilikutana nyumbani, na binti ya mama mdogo, ambaye ni dada yangu kwa njia nitakayoeleza mbele, akasema yeye na mumewe wanataka kuchukua mtoto kwenye makao ya watoto wamlee. Wameoana miaka mitano, hawajajaliwa. Sebule ikalipuka. Mjomba mmoja akasema kwa sauti, "Mtoto hajulikani ni wa nani, unamleta nyumbani kwa watu?" Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimekaa pale pale, sahani ya pilau mapajani. Nadhani walinisahau. Mama akainuka akaenda jikoni kuleta chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Swali ni lile lile la uwanjani. Ni wa nani? Nimekaa nalo mpaka nikaamua kutafuta limetoka wapi. Kumbe halijatoka mbali. Limetoka mwendo wa matatu kutoka nyumbani.

Ukitoka kwetu kwenda mjini unapita Bombolulu, halafu unafika Kengeleni. Makanga anaita "Kengeleni, Kengeleni!" na watu wanashuka, na sijui ni wangapi wanainua macho kuiona hiyo kengele yenyewe. Ipo. Imening'inia pale kando ya barabara, na tunapishana nayo kila siku na tuktuk na boda. Inaitwa kengele ya Freretown. Iliwekwa karne ya 19 ili ipigwe watu wakihofia kuvamiwa na wafanyabiashara ya watumwa. Yaani mtaa ule ulikuwa na kengele ya kuwaonya watu kwamba kuna wanaotaka kuja kuwakamata tena.

Turudi nyuma kidogo, manake bila hii sehemu hutaelewa kwa nini mjomba aliuliza alichouliza.

Tunapofikiria utumwa tunafikiria minyororo na kazi bila malipo. Ni kweli, lakini pwani yetu kulikuwa na jambo lingine lililomtenga mtumwa na mtu huru, nalo ni ukoo. Mngwana ana nasaba. Ana baba anayetajwa, ana babu, ana ami na wajomba. Akidhulumiwa kuna mtu wa kusimama aulize. Mtumwa alinyakuliwa mtoto huko karibu na Ziwa Nyasa, akatembezwa mpaka baharini, akafika mahali ambapo hakuna hata mmoja anayejua mamake anaitwaje. Alipewa jina jipya, kama Mabruki au Feruzi. Aliyezaliwa utumwani hapa pwani aliitwa mzalia, na huyo alau alijua lugha na desturi. Aliyeletwa kutoka bara hakuwa na lolote. Ukimuuliza "wewe ni wa nani?" jibu lilikuwa jina la bwana wake.

Umeona? Lile swali halikuwa la kutaka kujua. Lilikuwa la kumweka mtu mahali pake. Asiye na kwao ni mtumwa, na mtumwa ni asiye na kwao. Tuna hata methali yake: mwacha asili ni mtumwa.

Na kabla mtu hajaanza kunyoosha kidole, biashara ile haikuwa ya dini moja wala kabila moja. Walikuwemo Waarabu na Waswahili, Wayao waliouza watu kutoka bara, matajiri wa Kihindi waliokopesha mitaji, na Wafaransa na Wareno walionunua. Kila mtu ana babu wa kumwonea haya. Tuendelee.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultan Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Mwingereza aliyetumwa mwaka huo kumshinikiza aliitwa Bartle Frere. Lakini kusaini karatasi ni kitu kimoja na bahari ni kitu kingine. Majahazi yaliendelea kupita usiku, na meli za kivita za Uingereza zikaendelea kuyakamata. Kila jahazi lililokamatwa lilikuwa na watu ndani, na wengi walikuwa watoto.

Sasa fikiria wewe ndiye nahodha wa meli. Una watoto thelathini juu ya sitaha. Unawarudisha wapi? Mtoto wa miaka sita hajui jina la wilaya. Anajua kwao kuna mto na mwembe. Kijiji chake labda kilichomwa. Na ukimteremsha pwani aanze kutembea, atakamatwa tena kabla ya Ijumaa. Kwa hivyo kwa miaka mingi wengi walipelekwa mbali, wengine mpaka Bombay huko India. Karibu na mji wa Nasik kulikuwa na kituo cha Wamishenari wa Kianglikana kikiitwa Sharanpur, na hapo watoto wa Kiafrika walilelewa, wakafundishwa kusoma na ufundi.

Mmoja wa waliosoma Nasik aliitwa Jacob Wainwright. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Wainwright alikuwa kwenye lile kundi lililobeba maiti yake kwa miguu mpaka Bagamoyo. Alisafiri nayo hadi Uingereza, na mazishi yalipofanyika Westminster Abbey, London, Aprili 1874, alikuwa mmoja wa waliosimama kando ya jeneza. Mtoto aliyenyakuliwa kwao, asiye na wa kumuuliza, ndiye alimsindikiza mzungu mashuhuri mpaka kaburini kwake.

Mwishoni mwa 1874 mchungaji William Salter Price, aliyekuwa amesimamia kituo kile cha India, alifika Mombasa. Kanisa lake lilinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, upande wetu huu wa Kisauni, na mwaka 1875 watu waliokombolewa kwenye majahazi wakaanza kuteremshwa hapo. Mji ukapewa jina la Frere. Waliowapokea hawakuwa wazungu peke yao. Walikuwepo Waafrika waliolelewa India, waliorudi pwani kuanzia miaka ya 1860, watu kama George David, Ishmael Semler na William Jones. Hao walijua kinachoendelea kichwani mwa mtoto aliyeshuka kwenye mashua, manake na wao waliwahi kuwa mtoto huyo.

Hii ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kufundishwa shuleni. Freretown ulikuwa mji mzima wa watu ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Myao, Mnyasa, Mmakua, kila mmoja na lugha yake, hakuna ami, hakuna bibi, hakuna hata mmoja wa kumposea mwenzake mke. Wakafanya nini? Wakalea. Wakaoana wao kwa wao. Wakasema Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichowakutanisha. Kizazi kimoja tu, watoto wao walikuwa walimu, makarani na wahubiri kwenye vituo vya Kenya. Semler na Jones walipewa ushemasi mwaka 1885. Majirani waliwaita Wamisheni, na si kila mara kwa heshima. Lakini walikuwa na kwao sasa. Kwao kulikuwa Freretown.

Kuna familia moja ya pale unayoijua hata kama hujui unaijua. James Mbotela alikuwa mwana wa mmoja wa waliokombolewa. Alikuja kuwa mwalimu, na mwaka 1934 akachapisha kitabu cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, kinachosimulia jinsi wazee wake walivyokamatwa, wakaokolewa na kuletwa hapa. Wa ukoo huo huo ni Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa 1940 na kufariki Februari 2025. Ndiyo, yule wa redio. Muulize mzazi wako yeyote, atakuigizia sauti yake.

Sasa kumbuka kipindi chake kiliitwaje. Je, Huu ni Ungwana? Miaka nenda rudi alituuliza Wakenya wote: kumwaga taka njiani, je, huu ni ungwana? Kuingia nyumba ya mtu bila hodi, je, huu ni ungwana? Sisi tulisikia adabu tu. Lakini neno ungwana, kwa asili yake, ni hali ya kuwa mngwana, mtu huru, mtu mwenye ukoo, asiye mtumwa. Mzao wa mtu aliyeshushwa kwenye jahazi bila ukoo ndiye alifundisha taifa zima ungwana. Mimi nikikumbuka hilo nataka kumpigia mjomba simu.

Lakini hii isiwe hadithi ya sifa tupu. Freretown kulikuwa na makosa, na kwa sisi tunaozungumzia malezi, makosa yale yana faida kuliko sifa.

Kwanza, majina. Watoto wengi walipewa majina ya Kizungu, na majina waliyopewa na mama zao yakapotea. Wainwright hakuzaliwa Wainwright. Pili, mkono mzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 kulizuka kashfa ya watu kuchapwa viboko na kufungiwa pale pale kwenye mji wa uhuru, mpaka uchunguzi ukafanywa na msimamizi akaondoka. Tatu, shukrani kama deni. Kuna namna ya kumwokoa mtu halafu kila siku ukamkumbusha kwamba ulimwokoa. Bagamoyo vilevile, ambapo mapadri Wakatoliki walianzisha kijiji chao mwaka 1868 na kukomboa watoto kwa fedha katika soko la Zanzibar, watoto walipata usalama lakini pia wakapata ratiba ya kazi ambayo hawakuichagua.

Kwa hivyo somo la Kengeleni lina pande mbili. Mtoto asiye na kwao anaweza kupewa kwao, na atasimama kama mtu yeyote. Lakini ukimpa kwao kwa kumfutia alikotoka, umemwibia mara ya pili.

Hapo ndipo linaingia suala la dini, na hapa ndipo kelele nyingi za Idd zilitoka. "Uislamu umekataza." Nimelisikia tangu utotoni, mpaka nikaamini Mama anafanya dhambi kila anaponipikia. Hebu tulichukue polepole.

Mtume Muhammad (s.a.w.) mwenyewe alikuwa yatima. Alilelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib, na alinyonyeshwa na Halima. Na yeye akalea. Zayd bin Haritha alinyakuliwa akiwa mtoto, akauzwa sokoni kama wale wa Nyasa, mwishowe akafika nyumbani kwa Bibi Khadija na Mtume. Babake alimtafuta mpaka akampata Makka, akaja kumkomboa. Zayd akapewa hiari, achague. Akachagua kubaki. Watu wakawa wanamwita Zayd mwana wa Muhammad.

Halafu ikateremka Sura ya Al-Ahzab, ikaelekeza kwamba watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao, na ikiwa baba zao hawajulikani, basi ni ndugu katika dini. Akarudi kuitwa Zayd bin Haritha. Watu husoma hapo, wakafunga kitabu, wakasema kulea kumekatazwa. Lakini kilichokatazwa ni kubadilisha nasaba, si kulea. Zayd hakufukuzwa nyumbani. Alibaki kupendwa, akaaminiwa jeshi, akafa akiliongoza vitani Mu'ta. Na ni sahaba pekee ambaye jina lake limetajwa ndani ya Qur'ani. Kuhusu mwenye kumlea yatima, ahadi ya Mtume ni kwamba watakuwa pamoja naye Peponi, karibu kama vidole viwili vya mkono mmoja.

Mimi sasa nikiisoma ile hukumu sioni mlango uliofungwa. Naona mtoto akilindwa asifutiwe jina. Ndicho hasa kilichowapata watoto wa Freretown.

Na jambo la mahram, yaani huyu mtoto akikua na si damu yako, itakuwaje ndani ya nyumba? Wazee wetu walishalijibu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, mtoto akinyonyeshwa mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili, aliyemnyonyesha anakuwa mamake wa kunyonya na watoto wa mama yule wanakuwa ndugu zake. Hawaoani, hawafichani. Mama mdogo alikuwa na mtoto mchanga nilipobaki yatima. Alinichukua akaninyonyesha, si mara tano bali miezi. Kwa hivyo binti yake ni dada yangu, na Mama, kwa kuwa ni dada wa aliyeninyonyesha, ni khalati yangu kisheria. Hahitaji kuvaa buibui mbele yangu. Wanawake wawili wa Ziwa la Ng'ombe walilimaliza lile suala kwa ziwa, bila mkutano.

Kwa upande wa mamangu mzazi, Wakristo, nako sioni pa kujificha. Musa alilelewa na binti Farao. Esta alilelewa na Mordekai, binamu yake. Yusufu seremala alimlea mtoto ambaye hakumzaa. Ukitoa malezi ya mtoto wa mwingine kwenye Biblia unabaki na kurasa chache.

Sasa, sheria. Kuna watu wanasema kuasili mtoto, kile mtaani tunaita kuadopti, ni mambo ya wazungu. Tangu Novemba 2014 serikali ilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara haramu ya watoto. Tuliobaki kuwachukua ni sisi. Sheria ya Watoto ya 2022 inaeleza njia yake: mtoto awe amefikisha alau wiki 6, shirika lililosajiliwa lithibitishe yuko huru kuasiliwa, akae na wanaomtaka alau miezi 3 wakiangaliwa, halafu mahakama iamue. Ikishaamua, ni mtoto wenu, na haki zake ni sawa na za mliyemzaa.

Na jambo ambalo kina mjomba hawalijui: sheria hiyo ya 2022 imeitaja kafala kwa jina lake, kama njia ya Mwislamu kumlea mtoto asiye na wazazi bila kumbadilishia nasaba. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 umeitaja. Suala la urithi linalowakosesha watu usingizi nalo lina njia. Mtoto wa kafala harithi moja kwa moja, lakini unaweza kumwandikia wasia usiozidi thuluthi moja ya mali yako, na ukiwa hai unaweza kumpa zawadi upendavyo. Kinachotakiwa ni kuandika ukiwa na akili zako na pumzi zako.

Nasisitiza karatasi kwa sababu mimi sikuwa nazo. Mama alinilea kwa mapenzi matupu, bila hati hata moja. Nilipotakiwa cheti cha kuzaliwa cha kusajiliwa mtihani wa darasa la nane, ofisi ya kwanza ilitutuma ya pili, ya pili ikaturudisha ya kwanza. Kilichotuokoa ni Biblia. Mama alikuwa ameihifadhi Biblia ya mamangu miaka yote, imefungwa kwenye leso, chini kabisa ya sanduku, kwenye nyumba ambayo hakuna anayeisoma. Kwenye jalada la ndani mamangu alikuwa ameandika jina lake, na chini yake jina langu na tarehe. Tuliibeba ile Biblia mpaka kwa mzee wa mtaa na kwa watu wa kanisa waliomzika, wakatuandikia barua, na cheti kikapatikana. Mimi ni Mwislamu, na jina la mamangu Mkristo liko kwenye kitambulisho changu. Mama angeweza kulifuta. Nani angejua? Hakulifuta.

Alikosea jambo moja tu, na nimeshamwambia, na amekubali. Alisubiri. Alidhani siri itanilinda. Siri haimlindi mtoto. Inamngoja mtu wa kwanza mwenye hasira aitumie, na kwangu alikuwa mtu aliyetaka penalti. Kama ningekuwa najua tangu mdogo, yule kijana angeniambia "uliokotwa" nami ningemjibu, "Najua. Na wewe ulipatikana vipi?"

Ukifikiria, neno lenyewe la Kiswahili linatusaidia. Kuasili. Ndani yake kuna asili. Methali ilisema mwacha asili ni mtumwa, na wazee waliitumia kutukumbusha tusiache kwetu. Basi mtoto ambaye asili ilimwacha yeye, tunamfanyaje? Mpe nyingine, na ile ya kwanza mtunzie. Asili mbili hazijawahi kumuua mtu. Wamisheni wa Freretown walikuwa nazo mbili. Mimi ninazo mbili.

Utumwa ulifutwa kisheria hapa pwani mwaka 1907. Swali lake ndilo halijafutwa. Kila tunapomtazama mtoto na kuuliza "kwani huyu ni wa nani hasa?" tunafanya kazi ya wale watu waliofanya ile kengele itundikwe. Na sisemi tuache kuuliza mtoto ametoka wapi. Hilo ni haki yake kujua. Nasema tuache kulitumia kama kipimo cha iwapo anafaa kuketi na sisi.

Wiki mbili baada ya Idd, dada yangu alinipigia simu usiku. Nilidhani ameghairi. Kumbe yeye na mumewe wameshaanza kuuliza kuhusu kafala, na alikuwa na swali moja tu ambalo hakutaka kumuuliza mtu mwingine. "Nitamwambia akiwa na miaka mingapi?"

Nikamwambia asingoje umri. Aanze siku ya kwanza, hata kama mtoto hajui kusema. Amwambie anapomuogesha, anapomlisha, iwe hadithi anayoijua kabla hajajua hadithi ya sungura na fisi. Na kama kuna kitu chochote kilichokuja naye, nguo, karatasi, jina, akifunge kwenye leso akiweke chini ya sanduku.

Akanyamaza kidogo. Akaniuliza, "Na mjomba?"

Nikamwambia mjomba nitampeleka Kengeleni. Nauli nitalipa mimi.